Kumfikia Mariamu

Wahenga hawakuwa watu wa haraka, na labda ndiyo sababu maneno yao hayajachakaa. Waliposema papo kwa papo kamba hukata jiwe, hawakuwa wakiisifu kamba. Kamba ni kitu dhaifu. Mbuzi akiishiwa majani huitafuna. Walichokisifu ni huko kurudi mahali pale pale, leo, kesho na kesho kutwa, hata siku ambayo hakuna anayetazama. Methali hii tunaikariri tangu shule ya msingi, tunaiandikia insha, tunapata alama zetu, kisha tunakwenda kuishi kama watu ambao hawajawahi kuisikia. Mwanaidi, fundi cherehani wa Bagara mjini Babati, alikuwa mmoja wetu.

Mwanaidi aliishi na mama yake mzazi, Bibi Mwajabu, katika nyumba ya matofali ya kuchoma yenye baraza mbele na kisima uani. Majirani walimwita Mwanaidi Mama Sele, kwa jina la mwanawe aliyekuwa akisomea ufundi huko Kondoa. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuandama nyumbani mara moja kwa mwezi. Kwa hiyo siku nyingi nyumba ile ilikuwa ya wanawake wawili, na kati ya hao wawili mmoja hakuwa na sauti.

Sauti ya Bibi Mwajabu ilipotea muda mfupi baada ya Idi ya kuchinja, asubuhi alipoanguka akiwa anatia udhu. Kiharusi kilimchukua upande wote wa kulia, na maneno yakaenda pamoja nao. Mkono ulianza kurejea polepole, hata akaweza kushika kikombe. Maneno hayakurejea. Daktari alisema, "Anasikia kila kitu. Zungumzeni naye, msichoke." Mwanaidi alizungumza naye mpaka habari zikamwishia, akawa anamsimulia bei ya vifungo na nyuzi. Bibi Mwajabu alimtazama tu kwa macho yale yale ya zamani, makali na yenye huruma, kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Ili ujue nyumba ile ilipoteza nini, lazima ujue jioni zake za Ramadhani zilivyokuwa. Kila mwaka, jua likishaanza kuinama, Bibi Mwajabu aliinjika uji wa futari kwenye jiko la mkaa barazani, akakaa juu ya kigoda, akashika mwiko. Alipoanza kukoroga, alianza pia kusoma Sura Mariamu. Hakuwa na msahafu mkononi, alisoma kwa moyo, bila haraka, tangu zile herufi tano za mwanzo mpaka aya ya mwisho. Sura ikiisha, uji umeiva. Hakuwahi kutazama saa, na uji wake haukuwahi kuwa mbichi.

Ng'ambo ya uzio wa minyaa aliishi Otilia, Mama Alois, mwanamke wa Kiiraki aliyeshuka kutoka Mbulu alipoolewa, Mkatoliki wa kuwahi misa ya kwanza. Naye alikuwa na saa yake: kisomo kikianza, alikuwa chini ya ng'ombe akikamua. Likipita jina la Mariamu, aliacha kukamua na kupaza sauti, "Nimemsikia Maria huyo!" Bibi Mwajabu hakuweza kumjibu katikati ya aya, lakini mwiko ungegonga sufuria mara moja, ko, na wote watatu wangecheka, kila mtu mahali pake.

Sasa baraza lilikuwa kimya. Mwanaidi alimkosa mama yake huku akimwogesha kila siku. Alimkosa huku akimlisha, akimgeuza kitandani, akimsuka nywele. Hakuna hamu inayouma kama hamu ya mtu aliye mbele yako.

Mwezi wa Shaabani ulipokuwa ukingoni, alijiwekea nia. Ramadhani hii atasoma yeye. Ataanza mwanzo wa msahafu, juzuu moja kati ya zile thelathini kila siku, na katikati ya mwezi atamfikia Mariamu na kumsomea mama yake sura ile, barazani, kwenye kigoda kile. Moyoni alibeba jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Aliamini kwamba mama yake akiisikia sura yake mwenyewe, kitu fulani ndani yake kingefunguka. Na aliogopa kwamba mama yake hangeiona Ramadhani nyingine.

Nia ilikuwa njema. Tatizo lilikuwa ulimi. Mwanaidi hakujua kusoma sawasawa. Utotoni, Bibi Mwajabu alimfundisha mwenyewe, kwa kijiti cha kuonyeshea herufi na kwa neno moja: "Rudia." Mwanaidi akikosea, "Rudia." Akipatia, "Rudia, likae." Hakuna neno alilolichukia duniani kama hilo. Siku moja, akiwa msichana mwenye pembe za ujana, alifunga msahafu na kusema, "Nimechoka kurudia, mama. Bora nikajifunze cherehani." Bibi Mwajabu hakumlazimisha. Aliweka kijiti juu ya kabati na hakukitaja tena.

Tangu hapo Mwanaidi alikuwa msomaji wa Ramadhani tu. Kila mwaka alianza kwa kishindo na kila mwaka aliishia njiani, ndani ya Sura Al-Baqara ile ile. Msahafu wake ulikuwa shahidi. Ukiutazama kwa ubavuni, kurasa za mwanzo zilikuwa na rangi ya chai kwa kushikwashikwa, na zilizobaki zote zilikuwa nyeupe kama siku uliponunuliwa.

Mwaka huu kulikuwa na kichocheo kingine. Bi Kuruthumu, kiongozi wa akina mama msikitini, mwanamke mwema mwenye sauti ya kengele, alitangaza kwamba kila mmoja ahitimishe msahafu wake kabla ya Idi. "Ni hesabu ya mtoto," alisema. "Kurasa nne kila baada ya swala. Swala tano, kurasa ishirini, juzuu imekwisha!" Akina mama wakaitikia. Mwanaidi naye akaitikia, tena kwa sauti kubwa kuliko wenzake. Hesabu haikuwa na kosa, ila ulimi wake haukuwepo ilipopigwa.

Siku ya kwanza aliimaliza juzuu, lakini aliimaliza wakati wenzake wanakula daku. Siku ya pili nguo za Idi zilianza kumiminika. Kila mzazi wa Bagara alitaka gauni la binti yake liwe tayari jana. Mwanaidi akawa anakanyaga cherehani huku msahafu umefunguliwa kando, jicho moja kwenye uzi na jicho moja kwenye aya. Mwenye njia mbili huteguka miguu. Haukupita muda mrefu akagundua kwamba mfuko wa kanzu ya mtoto wa watu umekaa mgongoni.

Basi akaanza kusoma kwa macho. Kurasa zilifunguka haraka, midomo ikicheza tu, herufi zikimezwa nzima nzima kama mtu anayemeza vidonge. Jioni alikaa karibu na kitanda cha mama yake na kuendelea na mbio zake, akijipa moyo kwamba angalau mgonjwa anasikia kisomo. Bibi Mwajabu aligeuza uso wake ukutani. Kesho yake tena, mara tu msahafu ulipofunguliwa, aligeukia ukutani.

"Umechoka, mama? Nikuache upumzike?" Mwanaidi aliuliza. Mama hakugeuka.

Alasiri moja, nje ya msikiti, Bi Kuruthumu alimshika bega. "Mama Sele, umefika wapi?"

"Juzuu ya sita," alijibu Mwanaidi.

"Mashallah! Mwaka huu umetuacha."

Hakuwa amefika juzuu ya sita. Hakuwa amefika hata ya nne. Ulimi uliofunga tangu alfajiri ulifuturu kwa uongo kabla jua halijazama. Alitembea kurudi nyumbani akiwa na kiu ambayo haikuwa ya maji, na alipofika aliubusu msahafu, akaufunga katika kitambaa chake cha kijani na kuuweka juu ya kabati. "Mwakani, inshallah," alisema kwa sauti. Ndipo macho yake yalipoangukia kitandani, kwenye mgongo mwembamba wa mama yake uliotazama chumba, akatamani kulirudisha neno lile "mwakani". Alitoka nje akalia uani, akiwa ameziba mdomo kwa upande wa kanga.

Mabomba yalikuwa hayatoi maji wiki ile. Ilisemekana mashine imeharibika. Watu wa mtaa walirudi kwenye visima walivyokuwa wamevisahau, na Otilia alikuja na madumu yake ya njano kuomba maji.

"Shikamoo, Mama Alois."

"Marahaba. Bibi anaendeleaje?"

"Vile vile."

Otilia alimtazama macho yaliyovimba. Alishusha ndoo kisimani. Kamba iliteleza kwenye ukingo wa jiwe na kukaa mahali pake, ndani ya mfereji laini wenye kina cha kidole. Walivuta maji wakipokezana, na walipojaza dumu la pili, Otilia alisema, "Mwaka huu sijamsikia Maria."

"Mama hawezi, unajua."

"Bibi najua hawezi. Nakuuliza wewe."

Mwanaidi akacheka kwa uchungu. "Mimi nasoma kama mtoto wa chekechea, dada yangu. Wenzangu wanamaliza juzuu kwa siku, mimi najikwaa kila neno. Nimeacha."

"Mimi wangenipa rozari nzima niisali kwa magoti mara moja, nisingeweza," alisema Otilia. "Ningesinzia kwenye fumbo la pili. Fungu moja nasali nikikamua. Jingine nasali maharage yakichemka. Ng'ombe akishasimama, hata kama sina moyo wa kusali, vidole vyenyewe vinatafuta shanga." Akainua dumu kichwani, akaliweka sawa. "Huu mfereji hapa, ulichongwa na fundi?"

"Hapana. Marehemu baba alipoliweka jiwe hili lilikuwa zima. Ni kamba ya mama hiyo. Alikuwa anateka asubuhi na jioni, anasimama hapo hapo."

"Haya," alisema Otilia. "Niwahi, ndama atanyonya yote."

Akaenda zake. Sidhani kama alijua alichokisema. Mwanaidi alibaki amesimama, kidole chake ndani ya mfereji. Mama yake hakuwahi kuja pale kukata jiwe. Alikuja kuteka ndoo moja ya maji, akaondoka, akaja tena.

Jioni ile aliinjika uji wa ulezi barazani, chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa, akavuta kigoda. Aliutoa msahafu katika kitambaa na, kwa mara ya kwanza maishani mwake, alizipita kurasa za rangi ya chai. Alifungua zile nyeupe zilizokuwa zimeshikana, akazitenganisha kwa ncha ya kucha mpaka akaifikia sura. Kijiti cha zamani alikuwa amekikuta bado juu ya kabati, akakichukua.

"Mama," aliita dirishani, "nilitaka nije kwa safari ndefu, nimeshindwa. Nimekuja moja kwa moja. Unisamehe."

Akaweka kijiti kwenye aya ya kwanza. Wanaoijua sura hiyo wanajua kwamba haianzi kwa maneno. Inaanza kwa herufi tupu tano, kila moja ikitajwa kwa jina lake, na hata mwanachuoni mkubwa hawezi kuzisoma kwa namna nyingine. Kwa Mwanaidi ilikuwa kama kukuta mlango umeachwa wazi kwa ajili yake. Herufi alizijua. Alizivuta moja moja, kama alivyofundishwa na mwenye kijiti: Kaf. Ha. Ya. Ain. Sad.

Ndani, kitanda kililia. Mwanaidi aliinuka akachungulia. Bibi Mwajabu alikuwa amegeuka kutoka ukutani, anatazama dirisha.

Mwanaidi alikaa tena na kutaka kuendelea kwa furaha, ukurasa mzima ikiwezekana. Akaanza kukimbia, akameza herufi, na kitanda kikalia tena: mama amegeukia ukuta. Hapo ndipo alipoelewa kwamba tangu mwanzo wa mwezi mama yake hakuwa amechoka. Alikuwa akikataa. Basi akarudi kwenye zile herufi tano, akazisoma mpaka uji ukaiva, akafunga msahafu.

Huo ukawa utaratibu wake, na sitaupamba kwa sababu haukuwa na pambo. Uji ukianza kuchemka, anakaa. Anasoma aya ya jana, anaongeza ya leo. Aya ikiwa ndefu, anaikata vipande. Akiwa na nguo nyingi za kushona, anasoma ile ya jana peke yake, lakini anakaa. Uji ukiiva, anaacha, hata kama ana hamu ya kuendelea. Na hamu ile iliyobaki ndiyo iliyomrudisha kesho yake. Siku zake za mwezi zilipofika, siku ambazo hagusi msahafu, alikaa kwenye kigoda kile kile akikoroga uji kimya, ili nafasi yake isipoe.

Kipimo chake kilikuwa uso wa mama yake tu. Ukiwa dirishani, amesoma. Ukigeukia ukuta, anarudia.

Bi Kuruthumu alimuuliza tena mwishoni mwa kumi la kati la mwezi. "Mama Sele, juzuu ya ngapi sasa?"

"Nilikudanganya siku ile, Bi Kuruthumu, Mungu anisamehe. Sina juzuu. Niko kwa Zakaria, mwanzo wa Sura Mariamu. Nasoma aya moja kwa siku."

Mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akashindwa kuzuia kicheko. "Aya moja!" alisema Bi Kuruthumu, si kwa ubaya. "Basi mwenzetu, Idi itakukuta hata mtoto wa Mariamu hajazaliwa."

Alisema kweli. Usiku wa mwandamo wa mwezi, wenzake walipokuwa wakisoma dua ya kuhitimisha msahafu na kugawana halua, Mwanaidi alikuwa amefika pale uchungu unapomshika Mariamu akaegemea shina la mtende. Aliitikia dua zao amina na kula halua yao. Aliwaonea wivu kidogo, sitasema hakuwaonea.

Idi ilikuja na mvua ya masika, pilau, watoto wenye nguo alizozishona mwenyewe, na wageni kutoka Sigino hadi Kondoa. Jioni ilipofika miguu yake ilikuwa imevimba. Hakukuwa na futari ya kupika. Misahafu mtaa mzima ilikuwa imekunjwa katika vitambaa vyake kusubiri mwaka mwingine. Alijiambia, leo ni Idi, Mungu anajua. Alikuwa amekwisha kujilaza aliposikia kikombe kikigongwa taratibu chumba cha mbele. Bibi Mwajabu hakuweza kutafuna pilau. Alikuwa na njaa, na chakula chake, Idi au si Idi, kilikuwa uji.

Mwanaidi aliwasha jiko huku akinung'unika. Uji ulipoanza kuchemka, mkono wake ulikuwa umekwisha kufungua msahafu kabla moyo wake haujakubali. Vidole vyenyewe, kama alivyosema Otilia, vilikuwa vinatafuta.

Siku zilizofuata zilimtia homa ya matumaini. Alikuwa anakaribia pale Mariamu anapoweka nadhiri ya kutosema na mtu, anarudi kwa watu wake na mtoto mikononi, anaulizwa, ananyamaza, anaashiria kitoto kichanga. Na kitoto kinasema. Mwanaidi alihisi kwamba kama kuna mahali ulimi wa mama yake ungefunguka, ni hapo. Alimdokeza Otilia, naye siku ya kusomwa aya hizo akawahi kukamua, akavua viatu, akakaa mkekani barazani, mikono mapajani kama yuko kanisani.

Mwanaidi alisoma. Hakumeza hata herufi moja. Mariamu akaashiria. Mtoto akasema. Mwanaidi akanyamaza, akainuka, akachungulia dirishani.

Bibi Mwajabu alikuwa anatazama dirisha kama siku zote. Machozi yalimtiririka jicho la kushoto. Midomo haikutikisika.

Walisubiri mpaka uji ukashika chini. Mwanaidi alikaa kwenye kigoda, akafunika uso. "Nilidhani ingekuwa leo," alisema. "Jamani, Mama Alois, nilidhani leo nitamsikia."

Otilia alimwacha alie. Kisha akauliza, "Kesho kuna aya nyingine?"

"Ipo."

"Haya basi," alisema Otilia, akavaa viatu vyake.

Ilikuwepo, na kesho kutwa nyingine. Mfunguo Mosi ukapita, ukaja Mfunguo Pili, na baada yake mingine. Matumaini yale makubwa yalimtoka Mwanaidi, na ajabu ni kwamba yalipomtoka, kisomo kilibaki. Hakusoma tena ili muujiza utokee. Alisoma kwa sababu uji unachemka na mama yuko dirishani. Ulimi wake ulilainika bila yeye kujua. Siku moja alitambua kwamba kijiti kimebaki ndani na hakukihitaji. Masika yakaisha, mahindi ya Otilia yakakomaa, upepo baridi wa kiangazi ukaanza kushuka kutoka mlimani. Shauku ya kuisikia sauti ya mama haikupungua hata chembe, ila sasa ilikuwa na mahali pa kukaa kila jioni.

Ndivyo ilivyokuwa jioni moja ya kawaida kabisa, isiyo Ijumaa wala sikukuu, akiwa karibu na mwisho wa sura. Aya ya siku hiyo inasema kwamba walioamini na kutenda mema, Mwingi wa Rehema atawajaalia mapenzi. Alikuwa ameifikia juzi, ikampiga chenga kwenye neno la mwisho, lile la mapenzi lenyewe, ambalo herufi yake inataka kukaziwa. Alipokuwa analikaribia, mteja aliita hodi getini kuulizia sketi za shule. Mwanaidi alilipitia neno lile juu juu na kufumbua kinywa kujibu hodi.

"Rudia."

Alidhani ni mteja. Alidhani ni Otilia. Aligeuza shingo polepole, kama mtu anayeogopa kumshtua ndege. Dirishani, Bibi Mwajabu alikuwa ameshika nondo kwa mkono wa kushoto. Mdomo wake ulikuwa umekwenda upande, na uso wake ulikuwa na hasira ile ya zamani ya mwalimu aliyeona mwanafunzi anafanya uzembe.

"Ru-dia," alisema tena. Sauti ilikuwa nzito, yenye kutu, kama mlango wa ghala, lakini ilikuwa yake.

Lilikuwa ni neno alilolichukia kuliko yote duniani. Mwanaidi alitaka kukimbilia ndani amkumbatie, alitaka kupiga vigelegele mtaa usikie, lakini aliona macho yale na akajua anachotakiwa kufanya. Alirudi kwenye aya. Alirudia. Machozi yalizizidi herufi, akajikwaa.

"Rudia."

Akarudia. Mara hii neno la mapenzi lilikaa mahali pake, zito na kamili. Bibi Mwajabu aliachia nondo, akaegemea mto, akafumba macho kama mtu aliyefika nyumbani. Ng'ambo ya uzio mlio wa maziwa ndani ya ndoo ulikuwa umekatika. Uji ulifurika ukazima nusu ya mkaa, na mteja wa sketi za shule alisimama getini asijue aingie au aondoke.

Siku ile Bibi Mwajabu hakusema neno jingine. Maneno yaliyofuata, katika miezi iliyofuata, yalikuwa machache na yenye kuchechemea, na mengine hayakuja kabisa. Hakuisoma tena sura yake kwa moyo. Sasa ni Mwanaidi anayeisoma, na mama ndiye anayegonga ukingo wa kitanda, ko, jina la Mariamu likipita, na Otilia anacheka huko kwa ng'ombe wake. Msahafu ukiutazama kwa ubavuni leo, una mstari mpya mwembamba wa rangi ya chai, katikati kabisa ya weupe, na mstari huo umeanza kupanuka kuelekea sura inayofuata. Kama ni aya, ni uji au ni rehema tu iliyomrudishia mama yake neno lile, Mwanaidi hajui, wala haulizi. Kila jioni anavuta kigoda, anafungua alipoishia jana na anaanza, kwani ameona kwa macho yake na kusikia kwa masikio yake kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe.